Mbeba Sanduku wa Wino wa Buluu

Kitu cha kwanza nilichoona ni mtu mdogo wa wino wa buluu. Alikuwa pembeni mwa karatasi, amebeba sanduku kichwani. Ndani ya karatasi hiyo mteja alikuwa akichota njugu na kuzitafuna.

Nikitoka shule humsaidia Waya Edith, dada yake baba, kuuza njugu karibu na soko la Oyugis. Yeye hukaanga, mimi husokota karatasi za madaftari kuukuu ziwe kama faneli, kisha nazijaza. Siku hiyo madaftari yalikuwa yamekwisha, naye alikuwa ameanza kutumia karatasi nyingine kabla sijafika.

Karatasi hizo nilizijua. Zilitoka kwenye vitabu vya baba vya katuni za vita: ndege, mizinga, askari wenye kofia za chuma. Alizisoma alipokuwa mvulana huko Migori, akazitunza kwenye katoni hadi utu uzima. Jioni alinisomea akiigiza milio ya bunduki, mpaka Waya anagonga ukuta tunyamaze. Karibu kila ukurasa alikuwa amechora, kwa kalamu ya buluu, watu wadogo wenye mizigo.

"Mchoraji aliwasahau," aliniambia. "Baba wa babu yangu alichukuliwa kubebea Waingereza mizigo walipopigana na Wajerumani. Risasi zote hizi nani alizibeba, Mellen? Zilitembea zenyewe?"

Kwa sababu ya swali hilo alikwenda mpaka Karungu, kando ya ziwa, kuwauliza wazee habari za wabebaji hao.

Tangu mazishi yake sikuwa nimeigusa katoni ile. Sikulia pia. Ndani yangu palikuwa kimya kama darasa wakati wa likizo. Mtu akiniuliza baba yuko wapi, nilijibu, "Hayuko," kana kwamba ametoka kidogo.

Waya akachana ukurasa mwingine, akanipa. Nilitaka kumwambia aache. Badala yake nikaupokea. Nikausokota, nikaujaza njugu.

"Mellen, hata leo betri imeisha?" Oliver wa darasa letu alitania alipofika kununua. "Jaza vizuri basi, we bubu."

Nikamjazia. Akaenda zake na ndege ya baba mkononi.

Halafu akaja Bwana Abdi, aliyefungua duka la magodoro ng'ambo ya barabara hivi karibuni. Alinunua njugu, akaondoka, kisha akarudi upesi. Njugu alikuwa amezimimina mfukoni, karatasi ameikunjua.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Ni karatasi tu, Abdi. Imekuchafua?"

"Huyu mtu wa buluu! Ni kijana mmoja tu Migori aliyechora hivi. Zablon! Nilimwazima kitabu changu, akanirudishia kimejaa wabeba mizigo. Nilimfukuza soko zima!" Akacheka peke yake. "Tulibishana juu ya watu hawa hadi tukaanza kutafuta habari zao. Mpaka leo napenda historia kwa ajili ya ubishi ule. Hebu nione, mwishoni mwa hadithi hii askari walivuka daraja?"

Kilikuwa kimebaki kitabu kimoja tu, kile alichokuwa akikichana. Waya alikichukua, akashika ukurasa wa mwisho ili amchanie.

"Usichane."

Sauti ilitoka kavu. Wote wawili wakanigeukia.

"Hicho ni cha baba," nikasema. "Nakitaka."

Waya akakiweka kitabu mapajani mwangu taratibu. "Mwanangu, hukuwahi hata kuitazama katoni ile. Nilidhani inakuumiza, nikaona afadhali itoke nyumbani kidogo kidogo." Akafuta mikono kwenye leso. "Nilikosea, ningekuuliza. Lakini na wewe, jambo likikuuma, liseme. Siwezi kuona kilicho kifuani mwako. Ukinyamaza, sisi tunaokupenda tutakuumiza bila kujua."

"Dukani nina magazeti tele," Bwana Abdi alisema. "Nitawaletea, mfungie hayo."

Akanyoosha ule ukurasa wenye mafuta juu ya paja lake, akanipa.

"Kumbe ndiye baba yako! Mpelekee. Mwambie Abdi amemsamehe. Yuko wapi siku hizi?"

Waya alifungua mdomo anijibie. Nikamshika mkono.

"Baba alikufa," nikasema.