Miguu Iliyonyamaza

Binti yangu ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Fundi tu, na mimi mamake nimezoea. Anashonea sebuleni, peku, kandambili kazisukumia chini ya meza.

Ana kisukari tangu ujana wake. Dawa anakunywa, ila kliniki huenda akikumbuka. Miguu ilikuwa inamchoma kama kakanyaga makaa.

"Mama, miguu hii ni adui yangu," alisema. "Ningeweza, ningemrudishia aliyeiumba."

"Koma! Usikufuru."

Tukaomba sana, mimi na yeye. Mwaka huu maumivu yakapungua, kisha yakaisha kabisa. Fundi akasimama kwenye ibada akashukuru mbele za watu. Kliniki ndiyo akaiacha moja kwa moja.

Asubuhi moja nafagia, naona matone ya damu sakafuni. Nikadhani paka kakamata panya. Nikayafuata mpaka jikoni. Yakaishia kwenye kisigino cha mwanangu. Kasimama anakoroga chai, anaimba.

"We Fundi! Mguu!"

Akauinua. Pini ya kushonea ilikuwa imezama yote, kimebaki kichwa chake tu.

"Wala haiumi, mama," akacheka. "Si nilikwambia Mungu kaniponya?"

Mimi cha kuchekesha sikukiona. Pini iko mwilini, na mtu anaimba?

Nikakimbilia kwa jirani, muuguzi wa zahanati. Sisi tunamwita Sista. Akaja hivyo hivyo, mswaki mkononi. Akaupakata mguu wa Fundi.

"Fumba macho. Nikikugusa, sema."

Akapitisha pamba kidole kwa kidole. Fundi kimya.

"Haya, anza basi, Sista. Chai inapoa."

"Nimeshamaliza, mdogo wangu."

Fundi akafumbua macho.

"Hiyo si kupona," Sista akasema taratibu. "Ni ganzi. Sukari ikikaa juu muda mrefu, inaharibu mishipa ya fahamu. Mguu unaumia, lakini hauna mdomo wa kukwambia. Kidonda kinaingia, kinaoza, na wewe unaimba. Watu wanakatwa miguu hivi hivi."

Machozi yakamlenga mwanangu. "Kumbe nilimshukuru Mungu kwa ugonjwa?"

"Mguu si unao? Basi mshukuru kwa huo. Lakini mtu akikupa kitu cha thamani, humwambii asante kisha ukakitupa uani. Unakitunza."

Fundi akaushika mguu wake kwa mikono miwili, kama anayepokea mtoto mchanga.

"Na mimi nilikuwa nauita adui," akanong'ona.

Zahanati walimtoa pini, wakamsafisha, wakamchoma sindano ya pepopunda. Daktari akapima sukari, akambadilishia dawa. Akamwambia kliniki si mahali pa kwenda pale unapojisikia tu, ni kila tarehe uliyopangiwa. Sista naye akatufundisha kazi ya kila jioni. Osha miguu kwa maji ya vuguvugu, na uyapime kwa kiwiko, usiyapime kwa mguu. Kausha vizuri katikati ya vidole. Tazama nyayo kwa kioo. Usitembee peku hata ndani ya nyumba, na kiatu ukikung'ute kabla ya kuvaa. Ukiona jeraha, uvimbe au weusi, nenda kituoni siku hiyo hiyo.

"Na maombi?" nikauliza.

"Omba huku anaosha, mama. Nani kakukataza?"

Sasa kila jioni baba yake ndiye mshika kioo. "Bibi harusi, tuanze na huu wa kulia?" anamtania. Fundi anapitia kidole kimoja kimoja: "Asante, gumba, umenisimamisha leo. Asante, Mungu, kwa huyu mdogo." Mwanzoni nilidhani akili imemruka. Siku hizi na mimi nikioga naitazama miguu yangu yenye magaga, nashukuru.

Juzi aliona lengelenge dogo, viatu vipya vimembana. Halikumuuma hata kidogo. Aliacha gauni la mteja kwenye mashine, mkono mmoja bado haujashonwa, akaenda zahanati.

Sista alilitazama, akasema, "Umewahi."

Leo limekauka. Mwanangu anatembea kwa miguu yake miwili.

Nakuandikia wewe mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani. Akikwambia miguu imeacha kuuma, usiishie kufurahi. Mkalishe, mvue viatu, kisha piga magoti uitazame.