Pua ya Talatu na Unga wa Magadi

Kila mapumziko, wasichana wa darasa la tano hapa Daura hucheza gada. Husimama nusu duara, wakaimba na kupiga makofi, kisha mmoja hujitupa kinyumenyume na wenzake wakamdaka kabla hajagusa chini. Talatu aliupenda mchezo huo kuliko kula. Lakini mwaka huu, upepo wa vumbi ulipoanza kushuka kutoka jangwani, pua yake iliziba. Ikawa inatoa kamasi nzito za manjano, zenye harufu. Akiinama, kichwa kinamgonga juu ya macho.

Zamu yake ilipofika, mikono yote iliteremka.

"Mimi simdaki," alisema Hansatu, rafiki yake wa tangu utotoni. "Juzi kanipaka kamasi begani."

"Huo mfereji wa sokoni," mwingine akadakia. Wakacheka.

Talatu akaenda kusimama peke yake ukutani, akijifanya anatoa mchanga kwenye kiatu. Kuanzia siku hiyo akawa anasimama hapo hapo. Hata dawati Hansatu alihama. Nyumbani akiulizwa habari za shule, hujibu, "Nzuri, Inna," basi. Inna ndiye mama yake. Ndivyo watoto walivyo: wanameza jambo, nasi mama zao tunaona chakula kimebaki nusu, tunadhani ni mafua tu.

Shangazi Delu, jirani yao, alikuja kuazima mchi, akasikia mtoto anavyokoroma hali yuko macho.

"Huyu asafishwe pua kwa maji ya chumvi," alisema. "Mimi ndiyo yaliyonifungua."

"Jumamosi nampeleka zahanati, wanifundishe kwanza," Inna akajibu. "Pua si sufuria, Delu. Siwezi kubahatisha."

Lakini Jumamosi ni mbali kwa mtoto asiye na wa kucheza naye. Kesho yake Inna alipokwenda kusagisha mtama, Talatu alichukua buta, lile birika la plastiki la kutawadhia, akalijaza maji ya kisimani. Jikoni akafunua kibuyu kidogo, akaona unga mweupe. Akachota, akatia, akakoroga. Hakuonja. Akainamisha kichwa, akamimina puani.

Ulikuwa unga wa magadi, yale ya kulainishia kunde.

Inna aliporudi alimkuta amejikunja mlangoni, damu inamtoka puani, hata kulia hawezi vizuri. Aliona kibuyu wazi, akaelewa. Akamsuuza uso, akamfunga mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga, msichana mkubwa vile, akakimbia naye zahanati.

Muuguzi, Malama Rakiya, alimwangalia kwa tochi muda mrefu.

"Magadi yamemchubua ndani, ila atapona. Na maji yalikuwa ya wapi?"

"Ya kisimani," Talatu akanong'ona. "Kwenye buta."

"Buta hilo hilo linaloingia chooni?"

Talatu akainamisha uso.

"Sasa niambie, mwanangu. Mama yako anasema alishapanga kukuleta. Haraka ya nini?"

Talatu akamtazama Inna kwanza. Ndipo akasema, "Nilitaka wanidake."

Inna hakujua maana yake, ikabidi aelezwe pale pale. Alipoelewa alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Malama Rakiya alimpa dawa. Kidonda kilipopona aliwaita, akawaonyesha mwenyewe. Maji yachemshwe, yatokote, kisha yaachwe yapoe mpaka yawe vuguvugu. Kikombe kimoja, chumvi safi nusu kijiko cha chai, na chombo kisafi cha kazi hiyo tu. Unainama, unageuza kichwa upande, unapumua kwa mdomo, maji yanaingia tundu hili na kutokea lile. Kisha unapenga polepole. Na mtu mzima awepo.

Mara ya kwanza Talatu alimshika Inna mkono kwa nguvu. Siku zikapita, kamasi zikawa nyepesi, harufu ikaisha, kichwa kikatulia. Jioni moja Hansatu akaja akasimama mlangoni.

"Talatu, upo? Kesho tunacheza gada, nimekuwekea nafasi karibu yangu."

Talatu akageukia ukuta.

Inna akawaketisha wote wawili mkekani. "Hansatu, mwenzako akiumwa usimkimbie. Mwite mtu mzima. Ulipomwacha peke yake, alitafuta dawa peke yake. Na wewe Talatu, ukitengwa, njoo useme. Mimi naona kamasi, sioni moyo. Ungeniambia, magadi yangebaki kwenye kunde."

"Ndiyo, Inna," wakaitikia pamoja, na Talatu akasogea kidogo ili Hansatu apate pa kukaa vizuri.