Nilishuku Chumba Kisicho na Dirisha, Nikamponza Binti Yangu

Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu ni miaka arobaini na sita, na boma letu liko upande wa Sigowet, kando ya barabara. Wasomaji wenzangu, haya ninayoandika hata mume wangu hayajui...

Mwaka jana mume wangu aliamua kuongeza chumba juu ya paa, kichomoze mbele kikitazama barabara. Fundi wetu Otieno, mtu wa kutoka upande wa ziwa, alikiita doma. Nilifurahi sana! Lakini ukuta wa mbele uliposimama, nikaona hauna dirisha. Hata tundu la kupitisha kidole hakuna!

"Baba Chelangat, chumba gani hiki hakina dirisha?" nilimuuliza.

"Ni stoo tu. Ikiisha utaona," akasema, akageuza uso.

Stoo? Ya kuficha nini? Mbona nikiwapelekea chai wananyamaza ghafla? Mbona mlango una kufuli, na ufunguo anatembea nao mfukoni? Moyo ulianza kunichoma.

Kilichonimaliza ni jinsi alivyohangaikia uso wa kile chumba. Walipigilia mbao za ofkati, yale masalio ya kupasua magogo, mshazari, wakazing'oa. Wakajaribu mabati ya kijani, mume wangu akasema sasa kinafanana na kioski. Jamani, nani hupamba stoo hivyo? Kila jioni alikuwa anachora kwenye daftari, na nikikaribia, analifunga.

Siku moja akiwa anakamua ng'ombe nililifungua. Pembetatu! Kurasa nzima za pembetatu, nyekundu na nyeupe, safu juu ya safu. Nikalirudisha haraka. Hapa kwetu nani hajasikia habari za watu wanaotajirika kwa kuabudu shetani? Na si wanasema alama yao ni hiyo hiyo?

Ningemuuliza. Mdomo ninao! Badala yake nikamwendea Mama Faith wa kikundi chetu cha maombi, eti aniombee tu. Nilimwambia asimwambie mtu...

Jumapili iliyofuata kanisa zima lilikuwa linajua. Pembetatu zilipopigiliwa ukutani na kupakwa rangi, watu walikuwa wanasimama barabarani wakitazama na kunong'ona. Mume wangu, mzee wa kanisa, akaambiwa apumzike kidogo. Nami nikajiambia, si unaona? Hata wao wameshtuka!

Wakati huo Chelangat, kifungua mimba wangu, alikuwa anangojea koito, siku ambayo familia ya mchumba huja rasmi kuomba binti. Wageni walikuwa watoke Chepilat. Zikiwa zimebaki siku chache, wakatuma mjumbe: hawawezi kuoa katika nyumba ya mambo ya giza. Mtoto wangu alilia mpaka sauti ikakauka.

Mume wangu aliniita. Alinishika mkono, akanipandisha ngazi, akafungua kufuli.

Ndani mlikuwa na vibuyu tisa vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, vimening'inia, vinanukia moshi. Ilikuwa tabut! Ile dari ya giza ya nyumba zetu za zamani, ya kuweka nafaka na maziwa. Tulipobomoa nyumba ya nyasi, ni mimi niliyelalamika kwamba sina tena pa kuweka vibuyu vyangu. Alitaka wageni wa koito wanywe mursik iliyotoka kwenye tabut yangu.

"Na zile pembetatu?" nikauliza.

"Ni mchoro wa shanga za kibuyu alichokupa mama yako," akasema. "Nilizihesabu moja moja."

Kibuyu hicho nimekiosha kwa mikono hii tangu niolewe... na nilishindwa kukitambua ukutani!

Akaniuliza ni nani aliyetuchafulia jina. Nikajifanya napangusa kibuyu. Akajijibu mwenyewe: ni Otieno, maana nani mwingine alikuwa amepanda huku?

"Haki ya Mungu, mzee, mimi sijasema kitu," Otieno alisema alipofukuzwa, akikusanya vifaa vyake. Nilisimama mlangoni nikisikia, na nikanyamaza. Siku hizi hapa hakuna anayempa kazi.

Koito haikufanyika. Yule kijana ameshaoa kwingine, na Chelangat hatoki nje watu wakiwa wengi. Baba yake hamwamini mtu tena, si jirani, si mchungaji. "Nimebaki na wewe tu, Mama Chelangat," ananiambia, nami namwongezea chai.

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi! Ukimshuku mwenzako, muulize yeye. Akikuficha, muulize tena, hata mgombane. Usibebe shaka yako ukaipeleka kwa watu na kuiita maombi. Mimi nimewaambia ninyi kwa kuwa hamnijui. Yule anayeniamini, bado namwogopa.