Karibu ya Cyuzuzo

Mlango ule haukupaswa kufunguka. Kabatesi aliirudia video, akaisogelea kompyuta mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Kwenye picha mbichi kutoka kwenye kamera, mzee Mudathiru anasimama mbele ya nyumba kuukuu ya kando ya ziwa, anapiga hodi mara tatu, anangoja, kisha anageuka na kuondoka. Mlango umefungwa. Kwenye video iliyotolewa na programu mpya ya kuhariri, mzee anageuka vilevile, ila nyuma yake mlango unafunguka taratibu, na ndani hakuonekani mtu.

"Hii programu ina vituko," alijisemea, akaendelea na kazi nyingine.

Kipindi chao kiliitwa Hodi Nyumbani. Kila Jumamosi Mudathiru, mzaliwa wa mtaa wa Mbugangari mwenye ulimi wa asali, alionekana akibisha kwenye nyumba ya mtu, mara Mudende kwa wafugaji, mara Cyanzarwe kwa akina mama wanaovusha mboga mpakani kwenda Goma, akala walichokula na kupiga nao soga. Kwa programu ya zamani kila kipindi kilishonwa kwa mkono, kipande kwa kipande. Rwema, mwenye studio, akachoka kungoja, akanunua mpya, akamwambia Kabatesi ahamishe kila kitu huko.

Kabatesi hakuwa mtu wa kushindwa na mashine. Alitengeneza kiolezo: muziki, hodi ya mzee, sauti ya kumkaribisha, jina la kipindi. Ukitupia picha tu, programu inapanga yenyewe. Kilichomsumbua ni ile karibu. Wenyeji wengine waliitikia toka uani, wengine sauti zao zilizidiwa na za mbuzi wao. Basi akamrekodi bintiye Cyuzuzo, mtoto wa pekee, mwenye maneno mengi kuliko redio: "Karibuni ndani, mujisikie nyumbani!" Ikapendeza mno. Akaiachia programu iibandike kwenye picha zote za zamani kwa mkupuo, hata zile ambazo hazikuwahi kurushwa. Angemuuliza Mudathiru, angeambiwa kwa nini hazikurushwa. Lakini haraka ya Rwema ilikwisha kumwambukiza, na haraka, kama mjuavyo, haina baraka.

Jioni ile Cyuzuzo aliweka mezani sahani ya ziada.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mugeni, mama."

Kabatesi akacheka. Watoto na michezo yao! Lakini alipoinama kupakua viazi, pua yake ilipata harufu ya nguo zilizolala mvuani na kuozea sandukuni, na harufu haikutoka dirishani, ilitoka kwenye kiti kilichokuwa kitupu upande wa pili wa meza.

Tangu hapo Cyuzuzo akaacha kula. Akiulizwa, husema mgeni ameshiba, na yeye ameshiba. Mashavu yakabonyea, macho yakawa makubwa usoni. Kabatesi, aliyekulia Karagwe na kulelewa kanisani, aliwaita wapendwa wakaomba sebuleni wakiwa wameshikana mikono, na katikati ya maombi mama mmoja akafumbua macho, akamnong'oneza kwamba mkono anaoushika upande wa kulia una baridi kama maji ya kisima, na walipotazama wote upande ule hapakuwa na mtu aliyesimama, ila vidole vya yule mama vilikuwa bado vimekunjwa, vimebanwa, wala havikuweza kufunguka mpaka Cyuzuzo aliposema kwa upole, "Mugeni, mwachilie."

Wapendwa wakakumbuka kila mmoja shughuli zake. Kabatesi alimkumbatia mwanawe, akahisi mbavu zake moja moja kupitia gauni, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Asubuhi alimwonyesha Mudathiru ile video.

Mzee alitazama, akakaa chini.

"Ee Mama Cyuzuzo. Ile nyumba hakuna mutu iko ndani, tangu mi ni mutoto. Nilipiga hodi tatu kwa heshima, hakuna jibu, nikarudi. Hodi isiyojibiwa mutu anaondoka. Donc, nani alisema karibu?"

Kabatesi aliirudisha video nyuma kidogo. Sauti ya mwanawe ilisikika wazi kwenye spika.

Siku hiyohiyo wakamchukua Cyuzuzo, wakaenda wote watatu kwa Mzee Twahir, tabibu wa majini wa kule Majengo. Alimtazama mtoto, akafukiza ubani, akautazama moshi ukipinda kukizunguka kitu kilichokaa karibu na magoti ya Cyuzuzo. Akashusha sauti.

"Huyu hakuvunja mulango. Amekaribishwa. Mugeni wa kukaribishwa hafukuzwe na fimbo, wala na kisomo. Aliyesema karibu ndiye anamusindikiza mpaka kwake, kwa ile nyumba ya ziwa, anamwambia kwaheri na mudomo yake. Iyumaa, tukitoka kusali, tutaenda wote. We utamushika mutoto mukono, mi nitasoma. Usimwachilie, na usitangulie bila mimi."

"Mzee, nimpeleke mwanangu amsindikize jini?"

"Mama, mutoto hatasindikiza peke yake. Tutakuwa naye."

Kabatesi aliitikia kwa kichwa, lakini moyo ulikataa katakata. Mama gani angekubali? Usiku kucha aligeuka kitandani, na kulipopambazuka alikuwa amepata njia yake. Programu mpya, ukiilisha sauti kidogo ya mtu, husema chochote unachoandika kwa sauti hiyohiyo. Sauti ya Cyuzuzo anayo. Kwa nini mtoto mwenyewe atoke?

Alhamisi mchana, Cyuzuzo akiwa amesinzia pembeni, alifungua kompyuta pale nyumbani kwenye meza ya chakula, akaandika: Mugeni, twende nikusindikize mpaka kwako. Kwaheri. Akaibandika mwisho wa ile video, akafungua spika mpaka juu. Sauti ilitoka safi, nyororo, ya mwanawe kabisa, na ilipomalizika, kile kiti cha mgeni kilijisogeza nyuma kama anavyokisogeza mtu aliyeshiba na kushukuru, pazia la mlango likajiinua, likakaa juu kwa muda kama linavyoshikiliwa mtu anapompisha mwenzake mdogo atangulie, kisha likashuka, na harufu ikaisha kabisa, kana kwamba haikuwahi kuwamo.

Kabatesi alilia kwa furaha. Cyuzuzo aliamka, akavuta bakuli la uji, akanywa lote, akaomba jingine kwa kulinyoosha bakuli.

"Sema, mwanangu. Unataka uji?"

Midomo ya mtoto ilicheza. Haikutoka sauti. Akajaribu tena, akashika koo, macho yakamjaa hofu. Kabatesi alimpakata, akimbembeleza aseme chochote, hata neno moja, hata alie tu.

Simu ikaita. Alikuwa Mudathiru, anahema.

"Mama Cyuzuzo, si mulisikia Mzee Twahir alisema mumungojee? Mbona mumekuja peke yenu? Mi nilipita tu kuangalia ile nyumba ya ziwa, niko hapa inje. Bon, we uko wapi? Mutoto iko ndani huku anakulilia, na mi naogopa kuingia."

Kabatesi alimkaza Cyuzuzo kifuani. Mtoto alikuwa ametulia, mdomo umefumbwa, akimwangalia. Na kwenye simu, nyuma ya pumzi za mzee, akaisikia sauti ya Cyuzuzo ikiita, "Mama. Mama, mugeni hanirudishi."