Lutisha Anatangulia Kuimba

Fundi mitambo alisimamisha mkanda wa kurekodia. "Dada Arvella, unagonga kiatu?"

"Niko peku, kaka," Arvella akajibu.

Mle chumba cha kuimbia, studioni mjini Macon, alikuwa peke yake. Lakini mguu aliusikia, kisigino kisha vidole, na pua yake ikanasa kafuri na wanga wa nguo: harufu ya mama yake, Lutisha, waliyemzika msimu wa pamba uliopita. Wimbo wenyewe ulikuwa wa marehemu, wa kanisani. Arvella alimwondoa Yesu akamweka mpenzi, kama walivyofanya waimbaji wengi wa muziki wa soul waliotaka kula. Wenzake walipata magari. Yeye alipata mguu wa mama yake.

Santuri haikutoka. Vilabuni ikawa balaa zaidi: sauti ya Lutisha ilimtajia kila mstari sikioni, kama shemasi anavyowatajia waumini tenzi, na kinywa chake kikautii. *Yesu, usiniache gizani.* Walevi wakaona haya, wakashusha chupa chini ya meza.

"Nimekuleta uuze bia," mwenye klabu akafoka, "wewe unanitubishia wateja!"

Redio zikamsahau kabla ya kumjua.

Mama Zipora, mganga wa mizizi, alimnusa begani. "Bado yupo. Mrudishie wimbo wake, mwanangu. Kanisani, mchana, mbele za watu."

"Kanisani walinifukuza, Mama."

"Basi kaombe. Aibu haiui, ingekuwa inaua tungeshazikwa sote."

Baraza la mashemasi likakaa chini ya Shemasi Cleophus, yule yule aliyemfukuza. Likaamua, kwa kura, kwamba marehemu hana ruhusa ya kutangatanga bila barua ya uhamisho, na kwamba binti aimbe mara moja, chini ya uangalizi.

Jumapili Arvella alisimama mbele, macho yote yakimvua nguo, shingo ikimwaka kwa haya, mapepeo yakaacha kupepea, kafuri ikapanda kutoka chini ya mbao za sakafu hadi mtoto mmoja akakohoa, na ile sauti ikaja, karibu kuliko siku zote, baridi sikioni, ikamtajia mstari ambao hakuutunga yeye wala hakuwahi kuusikia, naye akajaribu kufumba kinywa, akashindwa, akauimba:

*Pitia mlango wa nyuma, mpenzi, mkeo asijue.*

"Jamani!" mtu akanong'ona.

Kabla mstari wa pili haujatajwa, Shemasi Cleophus alikuwa amesimama, ameshika kiti cha mbele, jasho likimtiririka, akiitikia. Aliujua wote. Aliuimba hadi mwisho, kwa sauti tamu ya kijana, huku akilia.

Arvella akahisi sikio lake tupu kwa mara ya kwanza.

Mke wa shemasi alinusa kafuri hewani, akakusanya gauni lake, kisha akasogea kidogo kwenye benchi, kama mtu anayempisha mwenzake akae.