Paka wa Chini ya Cherehani

Kwanza ilisikika sauti. Kwee... kwee... kwek! Sauti kavu, ya kukwaruza, kama chuma kinachosagana na chuma. Ilipenya ngurumo za cherehani zote za lile baraza la mafundi, ikapita juu ya kelele za wauza vitambaa na wateja wabishi, ikamfikia kijana mmoja aliyekuwa amepiga magoti akikaza skrubu.

Kijana huyo alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani. Baraza zima lilimwita Spana. Alivaa ovaroli ya bluu iliyopauka kwa kufuliwa, mikono ameikunja hadi viwikoni, na masikio yake ndiyo yaliyomlisha: aliijua mashine mbovu kabla hajaiona.

"Dada," alimwambia msichana wa meza ya mwisho, "hiyo cherehani yako inakata roho. Isimamishe kabla haijavunja sindano."

Msichana alikuwa ndani ya gauni la zambarau alilolishona kwa mkono wake, limemkaa kila pembe, na utepe wa kupimia ukining'inia shingoni kama mkufu. Hakuinua macho.

"Cherehani yangu nzima. Anayekata roho ni huyu."

Spana akainama. Chini ya meza, juu ya pedali, paka mweusi tii alikuwa amenyoosha shingo, mbavu zikipanda na kushuka. Akatapika povu la njano juu ya vipande vya vitambaa. Kisha akamkazia Spana macho, akamtazama kwa muda mrefu usio wa kawaida, kama anayeikariri sura yake.

"Maskini. Anaitwa nani?"

"Mkaguzi. Ni manyoya tu yamemkwama, hutapika hivyo mara mojamoja. Kila nguo nikiimaliza, lazima ailalie kwanza ndipo iende kwa mwenyewe."

"Na wateja hawalalamikii manyoya?"

"Kwani wewe ni mteja?"

"Bado."

"Basi usilalamike."

Msichana akacheka, na kicheko chake kikamwingia Spana mahali ambapo bisibisi haifiki. Kijana akatoa kichupa mfukoni. "Acha niitie mafuta. Bure."

"Nimeshakwambia ni nzima."

"Nzima leo. Mimi nina wasiwasi na kesho."

Hapo ndipo ubaya ulipoingia, na uliingia umevaa nguo za wema.

Alirudi kesho yake. Akarudi na keshokutwa. Kila alasiri, jua likianza kulegea, Spana alipita katikati ya meza na kichupa chake. Ndani yake mlikuwa na mchanganyiko alioubuni mwenyewe, mafuta ya cherehani na mafuta ya taa, unaosafisha uchafu na kulainisha kwa mpigo mmoja. Alijivunia mchanganyiko ule kuliko ovaroli yake ya sikukuu. Cherehani haikuhitaji hata tone. Lakini kijana angesema nini? Kwamba amekuja kutazama shingo ya msichana inavyoinama? Ikabidi mashine inywe. Ikanywa, ikashiba, ikawa inacheua.

"Laazizi, leo inalia kidogo upande wa gurudumu."

"Anayelia ni wewe. Mimina uondoke, nina kazi."

"Nikiondoka utanikumbuka?"

"Nitamkumbuka nani? Fundi mafuta?"

Lakini kijana alipoondoka, msichana alimsindikiza kwa macho mpaka kwenye ngazi, na jioni simu ikilia aliichukua kabla haijaita mara ya pili. Shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikuwa akigonga ukuta wa chumba cha pili: "Wewe! Hayo mazungumzo hayana mwisho? Mwambie aje tumwone, au akate simu tulale!"

Kitu kimoja tu kiliharibu furaha ile. Mkaguzi alizidi kutapika. Alitapika asubuhi, akatapika mchana, akabaki ngozi iliyotundikwa juu ya mifupa. Na Mkaguzi hakuwa paka tu. Alikuwa paka wa marehemu mama. Aliletwa mdogo sana, akalala kifuani pa mgonjwa hadi siku ya mwisho, na msichana hakuwa na kitu kingine chochote cha mama yake chenye uhai.

Akamfunga ndani ya kanga, akampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimbonyeza paka tumbo, akamnusa mdomo, akataja vipimo na bei yake. Msichana akahesabu noti zake, akazikunja tena.

"Huna," alisema daktari.

"Nina cha leo, daktari. Cha vipimo sina."

"Basi kuna njia ya wasio nacho. Ni ndefu. Mpe chakula kidogo kidogo, mara nyingi, maji safi yasikosekane. Halafu ondoa vitu katika maisha yake, kimoja kimoja. Ukiondoa kitu na kutapika kukakoma, umemshika mchawi wako. Ila usiondoe viwili kwa pamoja, hutajua ni kipi."

Msichana akaifuata njia ile kwa nidhamu ya mtu anayefuata mishono. Akaondoa maziwa, paka akatapika. Akaondoa dagaa, akamchemshia kuku asiye na chumvi, akatapika. Akazoa nyuzi na vifungo vyote sakafuni, akabadili bakuli, akatupa mkeka. Paka akatapika. Kila alichokiondoa, mduara ulizidi kubana, na ndani ya mduara walibaki wachache.

Alasiri moja Spana alichuchumaa akimimina mafuta, akamkuna paka kichwani. "Mpinzani wangu huyu," alisema. "Anakulalia miguuni mchana kutwa, mimi napewa stuli. Siku akiondoka, nitapumua."

Ulikuwa utani. Msichana aliucheka. Ila usiku aliukumbuka, akajaribu kuucheka tena, na kicheko kikagoma. Akahesabu nyuma: paka alianza kuzidiwa lini? Tangu kijana huyu aanze kuja. Siku zipi alipata nafuu? Siku Spana alizokwenda kutengeneza mashine mji wa pili. Moyo ukamwambia nyamaza. Akili ikamwambia: kimebaki kimoja.

Akampigia simu asubuhi.

"Mahabuba! Leo umeniwahi..."

"Usije tena barazani."

"Nimekosa nini?"

"Usije tu."

"Subiri, mpenzi. Kuna mtu? Niambie kama kuna mtu."

"Hakuna mtu. Kuna paka."

Spana hakuwa mjinga. Alipoelewa, sauti yake iliganda. "Unadhani namlisha sumu? Mimi?"

Msichana hakujibu. Na asiyejibu amejibu. Spana akakata, akakunja ovaroli, akachukua kazi katika kiwanda cha sare upande wa pili wa mji, akaapa kutokanyaga baraza lile.

Kikaja kitu cha kutisha kuliko ugonjwa: paka akapona. Mkaguzi akanenepa, manyoya yakang'aa. Mafundi wa baraza wakampongeza msichana. Shangazi akasema, "Mungu amekuonyesha mapema." Msichana akaitikia, akageukia ukutani, akalia mpaka mto ukalowa. Alikuwa amempata mchawi wake, na bado vidole vyake viliitafuta namba ile gizani.

Cherehani, iliyozoeshwa kudekezwa, ikaanza kukauka. Ikawa nzito, ikalia kweli. Ilikuwa wiki ya kazi kubwa: gauni jeupe la bibi harusi, refu, lenye mkia wa hariri. Msichana akafungua droo, akakuta kichupa alichoachiwa na Spana kama zawadi. Akasita, kisha akajiambia kuwa mafuta hayana kosa. Akamimina. Akamimina tena, kama alivyomwona mwenyewe akifanya. Mkaguzi alikuwa usingizini palepale pake, juu ya pedali.

Kesho yake mchana, kwee... kwee... kwek.

Mguu wa msichana ukaganda juu ya pedali. Mlango ulikuwa wazi, baraza limejaa, na Spana hakuwepo. Hakuwepo hata katika mtaa ule. Akapiga magoti, akamvuta paka kifuani. Safari hii alikuwa akitapika huku akikohoa, na pumzi yake ilikuwa na mluzi mwembamba ndani. Akampapasa mgongo, akamlaza, akanyoosha mkono kuisogeza hariri nyeupe isichafuke.

Mkono wake ukaacha alama. Vidole vitano, vya rangi ya kahawia, katikati ya kifua cha gauni la bibi harusi.

Akaunusa mkono. Pua za baraza lile zilikuwa zimeshazoea harufu ya mafuta. Hakuna aliyeisikia tena. Lakini sasa alikuwa ameuweka mkono juu ya pua, na akaisikia. Mafuta ya taa. Akainua macho chini ya meza: tone lilikuwa limejikusanya kwenye tundu la mbao, likavimba, likadondoka juu ya pedali, mahali paka anapolaza mgongo. Juu ya manyoya meusi nani angeliona? Na paka, msafi kuliko binadamu, hujilamba kila anapoamka.

Akapiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Unataka kuniuliza nimemlisha nini leo?" Nyuma ya Spana mashine za kiwanda zilinguruma.

"Nataka kukuuliza umechanganya nini kwenye kichupa."

"Mafuta ya cherehani na..." Sauti ikakatika. Masikio yaliyosikia ubovu kabla ya kuuona yalikuwa yamesikia. "Analala chini ya mashine."

"Analala chini ya mashine."

"Mfunge kitambaa asijilambe. Mkimbize kwa daktari. Nakuja."

Alifika kliniki na jasho, ovaroli ya kiwanda imejaa vumbi la nyuzi. Daktari alikuwa amekwisha kumwosha paka kwa sabuni laini. Mkaguzi alilala juu ya meza ya bati, mdogo kama soksi iliyolowa. Daktari aliinamia kifua chake na kifaa masikioni.

"Tumbo halinitishi," alisema bila kuinua kichwa. "Alipotapika, mafuta yaliingia mapafuni. Sasa tunasubiri."

"Atapona?" aliuliza Spana.

"Nimesema tunasubiri."

Wakakaa kwenye benchi moja, katikati yao nafasi ya mtu wa tatu. Nje watu walipita na mambo yao. Ndani ulisikika ule mluzi tu, ukija, ukichelewa, ukija.

"Nilikuondoa," alisema msichana. "Kama nilivyoondoa maziwa."

"Na hukukosea. Ni mimi. Kila siku nilipokuja kukuona, nilimmiminia."

"Hukujua."

"Kutojua kwangu kutamfaa nini yeye?" Akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Nilitafuta sababu ya kuja. Ningesema tu kwamba nakupenda, huyu angekuwa mzima."

"Sema sasa."

"Nakupenda. Nataka wazee wangu waje kwa shangazi yako. Hata akifa. Hata kama utaniangalia na kumwona yeye."

Mluzi ukachelewa. Wote wawili wakageuka kuelekea mezani. Daktari akanyanyua kidole, akawazuia wasiseme. Ukarudi, mwembamba kuliko mwanzo.

Msichana alisogea, akaifuta ile nafasi ya mtu wa tatu, akaushika mkono wa kijana pamoja na grisi yake.

"Waje," alisema. "Na nakuahidi mbele ya daktari huyu: siku nikikushuku tena, kwa kubwa au kwa dogo, nitakuuliza wewe mwenyewe, usoni, kabla sijafunga mlango."