Kona Isiyo na Mtu

Asubuhi hiyo ya Jumamosi Tilda alikuwa amekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, helmeti mapajani, akiichomekea kamba za plastiki za kufungia waya moja moja mpaka ikasimama miiba kama nungunungu. Mwezi wa Oktoba ndege wanaoitwa magpai wanalinda makinda yao kwa kudonoa vichwa vya wapita njia, na mwendesha baiskeli asiye na miiba kichwani hurudi nyumbani na sikio lenye damu. Kila mwaka Tilda alitengeneza helmeti mbili, yake na ya babu yake. Alipoingia jikoni kuchukua ya Babu, aliikuta mezani imeshatengenezwa. Kamba zake zilikuwa za rangi ya waridi.

"Nani kaweka hizi?"

"Fotini," Babu Mal alisema huku akipuliza chai yake. "Alipita jana kuleta mikate. Nimependeza, sivyo?"

"Unafanana na keki."

Babu alicheka sana. Alidhani ni utani.

Babu Mal ndiye kiongozi wa Klabu ya Baiskeli ya Murrendale, na safari ya Oktoba ilikuwa yake tangu zamani. Jumamosi wanachama wanaendesha kupita mashamba ya ng'ombe mpaka Glenoran, wanalala kwenye mahema nyuma ya ukumbi wa kijiji, na Jumapili wanarudi. Tangu miguu yake ilipoanza kufikia pedali, Tilda aliendesha nyuma ya gurudumu la Babu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nafasi ile ni yake, ila kila mtu alijua.

Halafu akaja Fotini. Wazazi wake walinunua duka la mikate mapema mwaka ule, na alikuwa hajui hata kupanda baiskeli. Babu alimfundisha kwenye uwanja wa kriketi. Akampa na baiskeli ya zamani ya Tilda. Ni kweli ilikuwa imeshakuwa ndogo, ina kutu kwenye mnyororo, na Tilda alikuwa hajaigusa tangu mwaka juzi. Lakini siku alipoiona inapita barabarani imepakwa rangi mpya, aliisindikiza kwa macho mpaka ikapotea. Shuleni Fotini alikuwa na jibu kwa kila mtu. Tilda jibu lilimjia likiwa limeshachelewa. Na Babu, ambaye kwa kawaida alicheka kwa vichekesho vyake mwenyewe, sasa alicheka kwa vya Fotini.

Watu walipokusanyika mbele ya duka la mikate, Babu alipanda juu ya benchi.

"Wageni wanisikilize, wenyeji wajifanye wanasikiliza. Tukifika kona, aliye nyuma yangu anasimama pale pale na kuonyesha njia. Wote mnapita. Yeye anabaki mpaka Mkia amfikie, yaani Bi Noelene, anayeendesha wa mwisho, mwenye fulana ya rangi ya chungwa. Mkia akimfikia, ndipo anaingia mbele yake. Mahali pasipo na mtu, nyoosha mbele. Aliyesimama kona haondoki hata akiona nyumba yake inaungua."

"Na akibanwa mkojo je, Mal?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Abane miguu."

Watu wakacheka. Babu akashuka, akamwita kwa mkono. "Fotini, leo njoo nyuma yangu. Tilda ameshakiona kisogo changu mpaka kimemchosha."

Wakacheka tena. Tilda naye akacheka, kwa sababu ndivyo watu wanavyofanya, kisha akasogea nafasi moja nyuma.

Barabara ilikuwa nzuri na upepo ulikuwa mgongoni, lakini Tilda hakuona kitu. Aliona mkono wa Babu ukimwonyesha Fotini shimo, ukimwonyesha vipande vya chupa, ukimpigapiga begani. Kwenye kona ya kwanza, penye kituo cha mafuta, Fotini alisimama kuonyesha njia, na Tilda akapanda mbele. Alijiweka sawa nyuma ya gurudumu alilolizoea. Akasubiri Babu aseme neno.

"Umeona anavyopanda kilima yule mtoto?" Babu alisema bila kugeuka. "Ana miguu ya mbuzi."

Tilda alikaza macho kwenye gurudumu la Babu.

Kona ya pili ilikuwa penye sanduku la barua lililotengenezwa kwa debe la maziwa. Kushoto ni njia ya Glenoran. Mbele ni njia ya malori ya magogo, ya changarawe, inayoingia ndani ya msitu wa misonobari. "Yako hii," Babu alisema, akakata kushoto. Tilda alisimama, akanyoosha mkono. Walipita mmoja mmoja, wengine wakimtania kwamba amepandwa pale kama nguzo, mpaka barabara ikabaki tupu.

Alisubiri. Ng'ombe walikuja kwenye uzio kumtazama. Aliwaza jinsi wakati huo mtu mwingine alivyokuwa nyuma ya gurudumu la Babu, na jinsi Fotini atakavyotokea sasa hivi na kuanza kumsimulia habari za Babu kama vile Babu ni wake.

Juu kabisa ya kilima aliona fulana ya rangi ya chungwa imesimama pembeni, na Bi Noelene ameinama kwenye baiskeli ya mzee mmoja. Pancha. Kisha aliona baiskeli moja ndogo ikiteremka peke yake, rangi mpya ikimetameta. Ilipotea nyuma ya mstari wa miti kabla ya kufika konani.

Mpaka hapo Tilda alijua kila kitu. Alijua Fotini haijui njia. Alijua pasipo na mtu, watu wananyoosha. Alijiambia kwamba Fotini ana akili, ataona alama za matairi. Akapanda baiskeli, akakata kushoto, akapiga pedali kwa nguvu zote.

Chakula cha mchana kilikuwa kando ya mto, kabla ya daraja la mbao. Mama yake Fotini alikuwa ametangulia na gari la chakula, anageuza soseji na vitunguu juu ya jiko. Watu walikuwa wameshaanza kula Bi Noelene alipofika na yule mzee wa pancha.

"Fotini kala?" Bi Noelene aliuliza. "Nilimwambia atangulie, asije akakaa juani kwa ajili yetu. Konani sikumkuta Tilda, nikadhani wamekuja pamoja."

"Hajafika," Babu alisema. Aliweka mkate chini. "Kona ya debe la maziwa. Tilda, ulimwona?"

Macho yote yalimgeukia.

"Alipita," alisema.

"Una hakika?"

"Ndiyo, Babu."

Basi, kama alipita konani, alikuwa mahali fulani kati ya kona na mto. Na kati ya hapo palikuwa na mahali pamoja tu pabaya, pale barabara inapoteremka kwa kasi na kupinda ukingoni mwa maji. Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti. Wanaume wawili walishuka ukingoni wakishikilia matete. Mama yake Fotini aliacha soseji zinaungua, akakimbia akiita jina la mwanawe, halafu akaacha kuita, akavua viatu, akaingia majini na nguo zake. Maji yalimfika kiunoni. Alikuwa anapapasa chini kwa mikono.

Tilda alimwona akipapasa.

"Babu," alisema. Akamshika Babu mkono wa shati. "Babu, hayuko huku. Mwambie atoke majini. Mimi niliondoka konani. Nilimwona anakuja, nikaondoka. Atakuwa amenyoosha."

Babu alimtazama kwa muda mfupi tu, lakini Tilda alitamani amchape kuliko kumtazama vile. Kisha akageuka kuelekea mto.

"Mama Fotini! Toka! Tunajua aliko."

Walikwenda kwa gari la chakula, wakamkuta ndani kabisa ya msitu wa misonobari. Alikuwa ameanguka kwenye changarawe. Goti lilikuwa limefunguka na damu imeshuka mpaka kwenye soksi, na alikuwa anatembea huku akisukuma baiskeli. Bado alikuwa anakwenda mbele. Simu yake haikuwa na mtandao. Mama yake alimkumbatia huku maji yakimchuruzika, akimwambia maneno ya Kigiriki ambayo hayakuhitaji kutafsiriwa.

"Hakukuwa na mtu, kwa hiyo nikanyoosha," Fotini alimwambia Babu, kama mwanafunzi anayetetea jibu lake. "Nikafika njia nyingine, hakuna mtu, nikanyoosha tena. Si ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo nilivyosema, mwanangu. Hukukosea hata kidogo."

Fotini akamtazama Tilda, aliyesimama karibu na mlango wa gari. "Wewe ndiye uliyesimama pale?"

"Ndiyo. Nilikuona. Nikaondoka makusudi."

Fotini alimgeuzia mgongo. Aliingia ndani ya gari upande wa pili.

Jioni ile Fotini na mama yake hawakuwepo Glenoran. Walikuwa wamerudi Murrendale kushonwa lile goti. Tilda alisimama mbele ya wanachama wote ukumbini, kama Babu alivyomtaka, akasema alichofanya na uongo aliousema. Hakuna aliyemzomea. Bi Noelene alisema tu, "Kesho utaendesha na mimi mkiani, binti, mwanzo mpaka mwisho." Kisha watu wakatoka kwenda kwenye mahema, na Babu na Tilda wakabaki na vyombo.

"Unajua kwa nini nilimweka yule nyuma yangu?" Babu aliuliza, mikono ndani ya povu.

"Kwa sababu unampenda."

"Nampenda, ndiyo. Lakini nilimweka pale kwa sababu hajui barabara. Kona ya kwanza ina kituo cha mafuta na watu, hata akikosea hapotei. Kona ya pili ndiyo inayoninyima usingizi kila mwaka. Nilipanga watu ili ile ikuangukie wewe. Katika klabu nzima, wewe ndiye niliyekuamini."

Tilda aliweka sahani chini.

"Ningekuambia asubuhi," Babu aliendelea. "Kutokukuambia ni kosa langu, na nimeliona. Lako ni lako. Kuona wivu si kosa, Tilda, hata mimi na uzee huu naona. Ungeniambia, 'Babu, naumia,' tungelimaliza pale pale jikoni. Wewe uliuficha, ukauacha ukufanyie kazi. Halafu ukausaidia kwa uongo, na mama wa watu akaenda kumtafuta mwanawe chini ya maji. Mtu akipewa kona, watu wanakabidhi roho zao kwake. Haijalishi anawapenda au hawapendi."

"Najua."

"Kuanzia leo unajua."

Tilda alifuta mikono, akachukua simu. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Babu alimchungulia begani.

"Toa hiyo 'lakini'," alisema.

Akaitoa.

"Na asiponijibu?"

"Basi hajajibu. Kusema ni kazi yako. Kujibu si kazi yake."

Ujumbe ulisomeka hivi: *Fotini, ni Tilda. Niliondoka konani kwa sababu nilikuonea wivu kwa ajili ya Babu. Nikamdanganya kila mtu kwamba ulipita. Wewe ulifuata sheria, mimi niliivunja. Samahani kwa goti lako na kwa mama yako.*

Akabonyeza kutuma. Baada ya muda kioo kikaonyesha kwamba umesomwa. Tilda aliweka simu juu ya meza, kioo kikitazama juu, akachukua sahani nyingine na kuendelea kukausha. Vyombo viliisha, Babu akamwaga maji, akazima jiko. Simu haikulia.